Ofisi Haisubiri Arobaini: Kupata Cheti cha Kifo cha Mzazi Ukiwa Kazini Ughaibuni

Leo hatuzungumzii viwango vya kubadilisha fedha wala makato ya kutuma hela. Tunazungumzia karatasi moja ambayo hakuna anayependa kuitaja, lakini ndiyo iliyoshikilia akiba za wenzetu wengi: cheti cha kifo.

Maswali tunayoletewa kuhusu jambo hili yanafanana sana. Mzazi amefariki nyumbani, mtoto yuko Muscat, Riyadh, Doha au Dubai, na hakupata ruhusa ya kwenda kuzika. Amelia peke yake chumbani, ametuma hela ya sanda na ya chakula cha msibani, kesho yake amerudi kazini. Miezi minane baadaye anaambiwa benki imezuia akaunti ya marehemu, kiwanja hakiwezi kubadilishwa jina, na mahakama inataka cheti cha kifo. Anauliza, cheti si kipo? Nyumbani wanatazamana. Kila mtu alidhani mwenzake alishakichukua.

Sisi kazi yetu ni hesabu, na kwa macho ya mhasibu tunasema hivi: cheti cha kifo kinachukuliwa mwezi ule ule wa msiba, kwa hela kidogo, na majina yake yanakaguliwa kabla hakijachapwa. Kikiachwa, kinageuka kuwa deni linalokua kila mwaka.

Kwa nini kinakuhusu wewe unayetuma hela

Tuseme ukweli. Wengi wetu tuliotoka kwenda kufanya kazi za ndani au za ujenzi tumejenga nyumbani kwa jina la mtu mwingine. Hatukuwapo kusaini, kwa hiyo hati ya mauziano ya kiwanja imeandikwa jina la baba. Akaunti tunayotumia kuweka akiba ni ya mama. Hela ya kila mwezi inaingia kwenye simu ya mama.

Siku mzazi huyo akifariki, kila kilicho kwa jina lake kinahesabiwa kwanza kuwa ni mirathi. Hata kama kila tofali la nyumba ile lilitoka kwenye mshahara wako. Risiti zako za kutuma hela hazitoshi peke yake kuifanya nyumba iwe yako, lakini bila hizo risiti huna hata pa kuanzia kuzungumza. Na pa kuzungumzia penyewe ni kwenye mirathi, ambako mlango wake unafunguliwa kwa cheti cha kifo.

Mlolongo uko hivi. Cheti cha kifo kinapelekwa mahakamani. Mahakama inateua msimamizi wa mirathi. Msimamizi ndiye anayekwenda benki, ofisi ya ardhi, mfuko wa hifadhi ya jamii na kampuni ya simu. Kukosekana kwa karatasi ya kwanza kunasimamisha zote zinazofuata. Kama marehemu alikuwa akichangia NSSF, mafao ya warithi nayo yanadai cheti. Na kama ameacha mtoto anayetaka kuomba mkopo wa chuo kikuu Tanzania kama yatima, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa. Huyo mtoto usipomsaidia kukipata, ada yake itarudi kwenye mshahara wako.

Kibali cha mazishi si cheti cha kifo

Hili ndilo kosa linalowaponza wengi. Mtu akifia hospitalini, familia inapewa karatasi ya taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Akifia nyumbani, taarifa inapelekwa kwa kiongozi wa serikali wa pale pale: Tanzania Bara ni ofisi ya mtendaji wa kijiji au wa kata, Zanzibar ni sheha, na Kenya ni naibu wa chifu. Hapo familia inapata karatasi ya kuruhusu mazishi.

Kwetu pwani maiti hailazwi. Amekufa alfajiri, alasiri ameshazikwa. Kibali kimetumika, kimekunjwa, kimewekwa mfukoni mwa kanzu ya mjomba, na mjomba amerudi kwake Korogwe. Familia ikiulizwa inajibu, "Karatasi ya serikali tulipewa." Ni kweli walipewa, lakini ile ni ruhusa ya kuzika tu, na ni ushahidi wa kupelekea ofisi ya usajili ili cheti kitolewe. Benki haipokei kibali cha mazishi badala ya cheti.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa simu, hata kabla matanga hayajaanuliwa, liwe: "Kibali cha mazishi na karatasi ya hospitali viko kwa nani?" Mwambie huyo mtu avipige picha, mbele na nyuma, akutumie. Picha haichukui nafasi ya karatasi yenyewe, lakini inakupa namba, tarehe, jina la hospitali na jinsi jina la marehemu lilivyoandikwa. Karatasi ikipotea, utajua pa kuanzia kuitafuta.

Siku 30, arobaini na eda

Tanzania Bara kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Kenya sheria inatoa miezi sita. Muda huo ukipita bado unaweza kusajili, ila unahesabika umechelewa: ada inaongezeka, ushahidi unaodaiwa unakuwa mwingi, na safari za ofisini zinaongezeka.

Sasa tazama desturi zetu. Familia nyingi hazigusi mambo ya mali mpaka arobaini ipite. Kuuliza karatasi kabla ya hapo unaonekana una haraka ya kurithi. Mjane wa Kiislamu naye anakaa eda miezi minne na siku kumi, na mara nyingi yeye ndiye anayejua karatasi za mzee ziko sanduku gani. Hesabu hapo: arobaini peke yake inazidi siku 30, na eda inazidi zaidi ya mara nne.

Hatusemi muache arobaini wala mjane atolewe eda. Tunasema ofisi haisubiri. Kusajili kifo si kugawa mirathi. Waambie wazee kwa heshima: "Baba mkubwa, hatugawi kitu. Tunaandikisha tu kwamba mzee ameondoka, kama alivyoandikishwa alipozaliwa. Mengine tutayazungumza baada ya arobaini, akipenda Mungu." Mjane atoe karatasi, kijana mmoja aende. Yeye mwenyewe hana haja ya kutoka.

Nani aende, na aende wapi

Kuna jambo moja ambalo watu hulijua wakiwa wameshapoteza nauli: kifo husajiliwa pale kilipotokea, si pale marehemu alipozikwa. Mama wa Lushoto akifia Muhimbili, kumbukumbu zake ziko Dar es Salaam, wilaya ya Ilala, hata kama kaburi liko Lushoto. Mzee wa Kilifi akifia hospitali ya Mombasa, anza Mombasa. Kwa hiyo usimtume mdogo wako wa kijijini kuzunguka ofisi za wilaya ya nyumbani. Mtafute ndugu aliye karibu na mahali kifo kilipotokea.

Tanzania Bara. Mwenye kazi hii ni RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wilayani usajili unafanyika kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili. RITA pia ina mfumo wa mtandaoni wa maombi na wa kuhakiki vyeti. Ndugu yako aende na karatasi ya hospitali au ya mtendaji, kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu (cha NIDA au cha mpiga kura) na kitambulisho chake mwenyewe.

Zanzibar. Hapa RITA haihusiki. Mwenye kazi ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, kupitia ofisi zake za wilaya, Unguja na Pemba. Safari inaanzia kwa sheha wa shehia. Lakini Mpemba aliyefia Dar es Salaam anasajiliwa Bara, kwa sababu ndiko kifo kilikotokea.

Kenya. Ni ofisi za usajili wa raia, na maombi ya cheti yanapitia eCitizen. Kama kifo kilitokea hospitalini, hospitali ndiyo inayojaza taarifa. Kama kilitokea nyumbani, ni naibu wa chifu. Kitambulisho cha marehemu hukabidhiwa wakati wa kuandikisha kifo, kwa hiyo mkipige picha na kukitolea fotokopi kabla hakijaondoka mikononi mwenu.

Kuomba cheti hakukulazimu wewe uwepo. Ndugu aliyeko pale anaweza. Huhitaji kupanda ndege wala kuandika hati ya uwakilishi kwa hatua hii. Uwakilishi utakuja baadaye, kwenye mirathi.

Jina moja, herufi zile zile

Kwenye mafaili ya mirathi, kitu kinachokula muda na hela kuliko vyote ni majina yasiyofanana. Kwetu mtu mmoja anakuwa Khamis msikitini, Hamisi kwenye cheti cha shule na Hamis benki. Mohamed, Muhamad na Mohammed. Mwanahawa na Mwanaawa. Rashid na Rashidi. Halafu kuna jina la mtaani: mtaa mzima unamjua kwa jina la utani, na kijana aliyekwenda kuandikisha kifo hospitalini akaandika lile alilozoea kulisikia.

Karani wa benki hamjui mzee wako. Anatazama herufi. Cheti kikisema Hamisi na akaunti ikisema Khamis, kwake hao ni watu wawili, mmoja amekufa na mwingine yuko hai.

Kabla fomu haijapelekwa, fanyeni hivi. Kusanyeni picha za kila karatasi yenye jina la marehemu: kitambulisho cha taifa, kadi ya benki, hati ya kiwanja, kadi ya NSSF, usajili wa laini ya simu. Ziwekwe kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kwa kawaida jina la kushika ni lile la kitambulisho cha taifa. Ndugu aliyeko ofisini aombe kuisoma fomu kabla haijathibitishwa: majina matatu, jinsia, umri, tarehe ya kifo na mahali. Asome herufi kwa herufi, na asione haya kumwambia karani, "Naomba tuangalie tena hapa."

Kama karatasi nyingine zina jina tofauti, patahitajika hati ya kiapo inayosema kwamba Khamis wa benki na Hamisi wa cheti ni mtu mmoja. Kiapo kinafanyika mbele ya wakili au hakimu. Si gharama kubwa, lakini kuisahihisha fomu pale dirishani ni dakika tano tu.

Hela yako ipite wapi

Ukiwa mbali, utasikia tu: "Tuma hela ya cheti." Kiasi gani? "Tuma tu." Hapo ndipo vishoka wanapokula. Mtu anasimama nje ya ofisi, anajifanya anajuana na watu wa ndani, anataka hela ya haraka. Anaweza akapotea nayo, au akakuletea cheti cha bandia ambacho kitakataliwa mahakamani siku ya kuhakikiwa.

Tanzania, malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo. Mwambie ndugu yako aombe hiyo namba ofisini na akutumie picha yake. Inalipwa kwa simu au benki, hela inaingia serikalini moja kwa moja, na risiti inabaki. Kenya nako malipo ya cheti yanafanyika ndani ya eCitizen. Anayedai ada mkononi bila namba wala risiti, usimtumie hata mia.

Tugawe hela ya kutuma kwenye mafungu mawili. La kwanza ni ada ya serikali: hii ilipwe kwa namba, na risiti uione. La pili ni ya ndugu anayekimbia: nauli, fotokopi, chakula cha mchana, vocha. Hili la pili usilifanyie ubahili. Mdogo wako akikosa nauli ya kurudi ofisini mara ya pili, cheti kitalala huko.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme uko Oman, mshahara wako ni rial 100 na tiketi ya kwenda na kurudi ni rial 150. Ukienda mwenyewe mwezi mmoja kufuatilia karatasi iliyosahaulika, umetoa rial 150 na umekosa rial 100, jumla rial 250. Sasa tuseme ndugu yako atumie shilingi 60,000 za Tanzania kwa ada, nauli na kiapo cha jina. Ukihesabu rial moja kwa shilingi 6,500, hiyo haifiki hata rial 10. Namba ni za mfano, weka zako. Tofauti itabaki kubwa tu.

Jingine la hela: usitume tena kwenye namba ya simu au akaunti ya marehemu. Hela ikishaingia kule ni mali ya mirathi na utaisubiri kama warithi wengine. Kama benki yako inatuma yenyewe kila mwezi, isimamishe siku hiyo hiyo. Na wale wanaojua namba ya siri ya marehemu wasiende kutoa kimya kimya, hata kama ni kwa ajili ya chakula cha msibani. Leo ni chakula, kesho ndugu wanaulizana nani alikula mali ya marehemu, na taarifa ya benki inaonyesha hela ilitoka siku mbili baada ya mazishi.

Onyesha halisi, acha nakala

Cheti kikitoka, kila ofisi itakitaka: mahakama, benki, ardhi, mfuko wa hifadhi, shule. Kanuni ni moja. Cheti halisi kinaonyeshwa, kinachoachwa ni nakala iliyothibitishwa na wakili au hakimu kwa mhuri na saini. Toeni nakala sita au saba kwa wakati mmoja. Ofisi ikishikilia kwamba lazima ibaki na halisi, ndugu yako aandikiwe kwa maandishi kwamba wamepokea, nani amepokea na tarehe gani.

Wewe ughaibuni uwe na picha safi ya cheti kwenye barua pepe yako, si kwenye simu pekee. Simu inaibiwa, au mwajiri anaishika. Ukihitaji kukitumia rasmi huko uliko, kwa mfano kumthibitishia mwajiri ili upate likizo, uliza kwanza kama picha inatosha. Mara nyingi kwa ruhusa ya msiba inatosha. Kwa mambo ya mahakama au benki ya nje, karatasi itahitaji tafsiri pamoja na mihuri ya wizara ya mambo ya nje na ya ubalozi. Hiyo ni gharama, kwa hiyo usiifanye mpaka ofisi husika iseme inahitajika.

Cheti kimetoka, sasa jina lako liko wapi?

Kupata cheti si mwisho. Tanzania, kabla ya kwenda mahakamani, familia inakaa kikao cha ukoo na kuandika muhtasari: marehemu ameacha nani, ameacha nini, na nani apendekezwe kuwa msimamizi. Kenya kuna barua ya chifu inayotaja warithi. Karatasi hizi zinaandikwa wewe ukiwa jikoni kwa watu au juu ya jengo.

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani huko Ghuba alitueleza kwamba aliupata muhtasari wa kikao cha ukoo wao baada ya kuudai mara tatu. Warithi walioorodheshwa walikuwa wanne. Watoto wa marehemu ni watano. Aliyekosekana ni yeye, na ndiye aliyekuwa akilipa hospitali ya mzee miaka yote. Kaka zake walisema hawakuwa na nia mbaya: "Tulijua wewe uko mbali, hutaki usumbufu." Kwa bahati faili lilikuwa bado halijafunguliwa, wakaandika upya. Angeulizia baada ya msimamizi kuteuliwa, angehitaji wakili.

Kwa hiyo dai mambo matatu. Kwanza, upewe taarifa ya siku ya kikao na uunganishwe kwa simu. Pili, upigiwe picha ya muhtasari kabla haujapelekwa mahakamani, uhakikishe jina lako limo na mali zimetajwa zote. Tatu, kama unakubali msimamizi aliyependekezwa, ridhaa yako iwe ya maandishi. Ridhaa hiyo, au hati ya uwakilishi ukimpa mtu mamlaka yako, isainiwe mbele ya afisa wa ubalozi wako. Usisaini karatasi tupu, na usimpe mtu mamlaka ya "kufanya lolote". Andika kazi anayopewa na mwisho wake.

Kumbuka pia siku za ofisi. Oman, Saudia, Qatar na Kuwait wanapumzika Ijumaa na Jumamosi, nyumbani wanapumzika Jumamosi na Jumapili. Siku ambazo pande zote mbili ziko kazini ni Jumatatu hadi Alhamisi. Ukiomba ruhusa kwa mwajiri ya kwenda ubalozini, iombe ndani ya siku hizo, ili karani wa huku akiuliza swali, ndugu wa kule aweze kulijibu.

Kama mauti yametokea huku huku

Mwenzetu akifia ughaibuni, mambo ni yale yale ila ofisi ni nyingine. Oman, hospitali inatoa taarifa ya kifo, na cheti kinatolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman, idara inayosajili vizazi na vifo. England na Wales kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 5, na msajili anauza nakala zilizothibitishwa. Nunueni kadhaa siku hiyo hiyo.

Popote pale ubalozi uarifiwe, hata kama mwajiri amesema atashughulikia kila kitu. Mishahara iliyobaki, kiinua mgongo kama sheria au mkataba unampa, na bima kama ipo, vinadaiwa na warithi kwa cheti hicho. Mwili ukisafirishwa nyumbani, cheti kisibaki kwa mwajiri. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu kikiwa kwa Kiarabu kitatafsiriwa, na mtafsiri asiyekuwa na pasipoti mbele yake anaweza kuzalisha jina jipya kabisa.

Ujumbe wa kutuma nyumbani leo

Unakili huu ujumbe, ubadilishe majina, uutume kwa ndugu mnayeaminiana:

"Assalam alaikum, poleni kwa msiba. Naomba tusaidiane haya kabla siku 30 hazijaisha. 1) Karatasi ya hospitali na kibali cha mazishi zipigwe picha, zihifadhiwe na mtu mmoja. 2) Karatasi zote zenye jina la mzee zipigwe picha. 3) Mtu aliye karibu na alikofia aende ofisi ya usajili, nauli nitatuma. 4) Aisome fomu kabla haijathibitishwa. 5) Namba ya malipo nitumiwe, nitahakikisha inalipwa. 6) Cheti kikitoka, nakala zithibitishwe, halisi kikae kwa mama. Hatugawi kitu, tunaandikisha tu."

Wewe ambaye wazazi wako wote wako hai, Mungu awape umri, una kazi nyepesi kuliko wote. Wiki hii piga simu uulize kitambulisho cha baba na cha mama vimeandikwa jina gani, na kama yanafanana na ya benki na ya kiwanja. Pasipofanana, sahihisheni wakiwa hai. Mzee akiwepo, anakwenda mwenyewe na kusema, "Mimi ndiye huyu." Akishaondoka, hilo neno linatafutiwa mashahidi.

Mwenye swali atuandikie, ataje nchi aliyoko, wilaya ambako kifo kilitokea, na karatasi alizonazo mkononi. Majina ya marehemu na namba za vitambulisho usituandikie. Kwa wote waliofiwa mwaka huu wakashindwa kwenda kuzika, poleni sana ndugu zetu.